Sili ya ekseli ikigoma kutoka: niliyoyapitia Lucky Summer

Nina kipikapu cha Toyota, cha zamani, cha kuendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ndicho ninachotumia kugawa nazi na ndimu zinazotoka Kilifi kwa wauzaji wa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi. Sijamaliza kukilipia katika chama, kwa hivyo siku ambayo hakitembei ni siku ya deni. Majuzi, nikiwa nimebeba magunia tisa ya nazi, nilikanyaga breki pale Baba Dogo na gari likavuta kulia kwa nguvu. Mbele yangu watoto wa shule walikuwa wakivuka. Lilisimama, lakini si mahali nilipotaka lisimame.

Nilipofika nyumbani Lucky Summer nilichuchumaa nyuma ya gurudumu la kushoto. Tairi lilikuwa limelowa upande wa ndani. Nikajua ni ile sili tena.

Nasema tena kwa sababu sili hiyo ilikuwa imebadilishwa mara mbili katika muda usiotimia mwaka, na fundi yule yule, na mara zote mbili nililipa sili, mafuta na kazi. Mara ya tatu nikaamua nitaifungua mwenyewe. Naandika haya kwa ajili ya wasomaji wa huko Pwani wenye magari ya umri wa langu, maana hewa ya chumvi ya Likoni na Mtwapa huzigandisha sili kwenye chuma kuliko vumbi la Nairobi.

Kwanza tuelewane sili ni kitu gani. Waliokulia karibu na majahazi wanamjua fundi wa kalafati, anayesindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao ili maji yasiingie. Sili ya ekseli hufanya kazi kama hiyo kwa upande wa pili, kuyazuia mafuta yasitoke, na isitoshe shafti inazunguka ndani yake muda wote. Ina pete ya bati la chuma kwa nje, iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya tundu lake. Ina mdomo wa mpira unaoibusu shafti. Na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba ya duara inayoukaza. Zamani kazi hii ilifanywa na ngozi. Sili za mtindo wa leo zilienea kuanzia miaka ya 1930, na Wajerumani hadi sasa huziita Simmerring, kutokana na jina la Walther Simmer, mhandisi wa kampuni ya Freudenberg.

Mpira ukipikwa na joto miaka mingi hukauka na kuwa mgumu kama kifuu. Magari mengi tunayoyanunua huingia nchini yakiwa yameshatumika karibu miaka minane, maana huo ndio ukomo wa umri ambao Kenya inaruhusu, kwa hivyo sili nyingi zinapofika bandari ya Mombasa tayari ni za wazee.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha ni mafuta gani yanayovuja. Nyuma ya gurudumu panaweza kuvuja mafuta ya difu au mafuta ya breki, na tiba zake ni mbalimbali. Mafuta ya difu ni mazito na yana harufu kali inayokaribia kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi. Ukiwa na shaka, chukua tone utie katika kikombe cha maji na ukoroge: mafuta ya breki huchanganyika na maji, ya difu huelea juu. Langu lilielea.

Ukishajua ni ya difu, usiendelee kuendesha gari hilo kwa kusema nitalishughulikia mwisho wa mwezi. Mafuta yale hufika kwenye shuu za breki, zile nusu-duara mbili zenye kitambaa cha kusugua ndani ya dramu, na gurudumu hilo huacha kushika sawa na mwenzake. Ndiyo maana langu lilivuta kulia.

Uwanja wetu ni wa udongo, kwa hivyo nililaza ubao mpana chini ya jeki, nikaziba magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, kisha nikaweka stendi za chuma chini ya ekseli. Hapa mtaani utaona watu wanaegemeza gari kwenye matofali ya saruji. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa onyo, na huna pa kukimbilia ukiwa chini. Kama huna stendi, azima. Ukiinua upande mmoja tu juu zaidi, mafuta ya difu hukimbilia upande wa pili na hutalazimika kuyamwaga yote.

Dramu ikikwama, tazama usoni mwake. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tia bolti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, nayo itajisukuma nje. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu za zamani huenda zina asbesto. Lowesha kwa maji na ufute kwa kitambaa ukitupe.

Shafti inashikwa na nati nne. Kwenye magari mengine nati hizo hufikiwa kupitia tundu lililo kwenye uso wa shafti, kwenye mengine ziko nyuma ya bamba la breki, na hapo itabidi ufungue pia bomba la breki na waya wa breki ya mkono. Nati zikishatoka, shafti hukataa kuja kwa mikono mitupu. Geuza dramu, mdomo uelekee nje, ishikilie kwenye bolti zake kwa nati zilizolegea, kisha uivute kwako kwa vishindo. Dramu inakuwa nyundo. Langu lilitoka kwa kishindo cha sita, pamoja na beringi yake, na mafuta meusi yakanimwagikia miguuni.

Hapo ndipo nilipoiona sili, ndani ya mdomo wa bomba la ekseli. Ilikuwa imeingia kombo, upande mmoja umezama zaidi ya mwingine, na pembeni imepakwa gundi ya gasketi kwa wingi kama mtu aliyekuwa akiziba paa. Nikatia bisibisi nikaikwanyua. Mpira ukachanika. Nikakwanyua tena, springi ikaruka ikaenda chini ya tangi la maji la jirani. Mpaka magharibi nilikuwa nimemaliza mpira wote, na pete ya chuma imebaki imeng'ang'ania palepale.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Kosa la pili ni bisibisi yenyewe: ncha yake kali ilikuwa ikiegemea ukuta wa tundu, na ukuta huo ndio utakaoibana sili mpya. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu, kutoka ndani kuja nje, ni mfereji tayari kwa mafuta. Unaweza kuweka sili ya bei ghali kuliko zote na itavuja tu.

Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu miaka mingi, Mombasa hadi Kampala. Alikuja na kikombe chake cha chai akasimama akinitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe kijana wa Pwani, hiyo kitu unaitoa ama unaiua?"

"Imekataa, mzee. Tangu saa nane."

"Haijakataa. Wewe unaivuta na yenyewe imeshika kuta. Ifanye iwe ndogo kwanza."

Akaniambia nipulizie mafuta ya kulegeza kutu, niende nikale, nirudi asubuhi. Nikafanya hivyo. Mafuta yale hayafanyi kazi kwa dakika tano. Yanahitaji muda wa kupenya, na gundi nayo inahitaji muda wa kulainika. Ukiweza kuikwangua gundi ya pembeni kwa kijiti cha mbao au plastiki ngumu kabla ya kupuliza, ni bora zaidi.

Sasa njia zenyewe, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya.

Ya kwanza ni ndoano ya kutolea sili. Zipo za dukani, ila mafundi wa jua kali wa Kariobangi wanaweza kukukunjia moja kutoka kwa chuma kizuri. Usikubali itengenezwe kwa tupa ya zamani, kwani chuma cha tupa huvunjika kama kioo na vipande hurukia macho. Ingiza ndoano nyuma ya mdomo wa sili, weka kipande cha mbao kwenye ukingo wa bomba kiwe egemeo, kisha vuta kidogo juu, kidogo chini, kidogo kushoto, kidogo kulia. Ukivuta mahali pamoja sili hukaa kombo na kujibana zaidi.

Kama huna ndoano, shafti uliyoitoa inaweza kuwa ndoano. Ingiza ncha yake ndani ya sili kidogo tu, iinamishe mpaka ukingo wake ushike nyuma ya bati, kisha uibonyeze kama mtaimbo. Shafti ni ndefu, kwa hivyo nguvu yake ni kubwa. Njia hii hutumika pale sili ingali nzima. Mimi nilikuwa nimeshaichana, kwa hivyo sikuwa na cha kushika.

Ndipo linapokuja lile neno la mzee, kuifanya iwe ndogo. Chukua patasi nyembamba isiyo kali. Iweke kwenye ukingo wa pete, pale bati linapokutana na ukuta, uso wake ukiwa sambamba na ukuta, kisha gonga polepole ukilisukuma bati lielekee katikati. Bati la sili si nene. Litajikunja. Likishajikunja mahali pamoja, pete nzima hupoteza mkazo wake, maana ilikuwa imeshika kwa sababu ya kuwa duara kamili. Hapo unashika mkunjo kwa plaizi na kuuzungusha, kama unavyofungua kopo la samaki. Lakini patasi ikipotoka inaukata ukuta, kwa hivyo kama mkono wako hautulii, pita uende njia inayofuata.

Njia inayofuata ndiyo iliyonitoa mimi. Nilitia kitambaa ndani ya bomba la ekseli, nyuma ya sili, na kukifunga kwa kamba ndefu iliyoning'inia nje ili nisikisahau humo. Nikafunga utepe kwenye keekee ya drili ya milimita 3 kuonyesha mwisho wa kina, ili isizame kuliko bati. Nikapaka grisi nyingi kwenye ncha, kwa kuwa grisi hukamata vumbi la chuma. Vumbi hilo likiingia kwenye difu litasaga meno yake na beringi. Nikatoboa tundu mbili kwenye uso wa bati, moja ikikabili nyingine. Nikakaza skrubu ndani ya kila tundu, ikiingia nyuzi chache tu. Kisha nikashika skrubu ya juu kwa nyundo ya kung'olea misumari, ubao ukiwa chini yake, nikavuta kidogo. Halafu ya chini. Halafu ya juu.

Ilitoka baada ya nusu saa hivi, ikiwa na mlio wa kizibo cha chupa. Mzee alikuwa ameshamaliza chai siku nyingi.

Kuhusu moto, nisikilizeni vizuri, kwani ndilo jambo la kwanza utakaloshauriwa na wapita njia. Hapo pana mafuta ya difu, mafuta ya breki na pengine petroli karibu. Isitoshe, baadhi ya sili zimetengenezwa kwa mpira wa aina ya Viton, ambao ukiungua hutoa gesi yenye sumu inayokula ngozi na mapafu. Kama sili imekwama kwenye giaboksi ya aluminiamu, joto linasaidia kweli, lakini joto la kitambaa kilicholoweshwa kwa maji yanayochemka. Aluminiamu hupanuka kuliko chuma, kwa hivyo tundu hulegea kidogo kabla pete haijapata moto. Kwenye bomba la ekseli la chuma, yote mawili ni chuma na hupanuka karibu sawa, kwa hivyo faida ni ndogo.

Na kama sili unayoitoa iko kwenye krankishafti au kamshafti, ambapo shafti haitoki, tahadhari inageuka. Hapo cha kulinda kuliko vyote ni uso wa shafti. Usiegemeze chombo chochote juu yake. Mkwaruzo mdogo pale mdomo wa sili unapogusa utakusumbua kwa miaka. Kwa kazi hiyo, kama huna uzoefu, ningekushauri umlipe fundi uketi karibu utazame.

Sili ya zamani usiitupe. Usoni mwake kuna namba, kwa kawaida tatu za vipimo kwa milimita: upana wa ndani, upana wa nje, na unene. Nilikwenda nayo Grogan, kule Kirinyaga Road, na kuilinganisha kwa macho na kwa kupima. Usikubali kuambiwa "hii inaingia tu". Tazama pia pakiti. Bidhaa ghushi ni tatizo kubwa kiasi kwamba nchi ilitunga sheria yake maalumu mwaka 2008, lakini sheria haitakuwa nawe kaunta. Bonyeza mdomo wa mpira kwa kidole: uwe laini, usiwe na ufa, na springi ikae sawa ndani ya nafasi yake.

Kabla ya kuiweka, pitisha ukucha kwenye shafti pale sili ya zamani ilipokuwa ikigusa. Ukihisi mfereji, weka sili mpya ikae milimita moja au mbili mbali na mstari ule, kama nafasi inaruhusu, au utafute kikoa chembamba cha kuvisha shafti. Mikwaruzo niliyoifanya kwa bisibisi niliisugua kwa msasa laini sana kwa kuzungusha, kamwe si kwa kuvuta nje, nikapaka gundi utando mwembamba kama wa wino. Upande wenye springi huelekea kwenye mafuta. Paka grisi mdomoni. Isukume kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili yenyewe, ukigonga taratibu na kupima pande zote kama imeingia sawa. Niliwahi kumwona mtu akiigonga kwa nyundo moja kwa moja, pembe moja baada ya nyingine, na nadhani ndivyo yangu ilivyopata kuwa kombo.

Shafti irudi ikiwa imebebwa, isiburute. Meno ya ncha yake ni makali na yanaukata mdomo mpya kabla gari halijashuka chini. Ni afadhali awepo mtu wa pili wa kuielekeza.

Sasa swali lililobaki ni kwa nini sili zile mbili zilikufa mapema. Kuwekwa kombo ni sababu moja. Ya pili niliipata juu ya bomba la ekseli: kifuniko kidogo cha kupumulia, kimezibwa kabisa na tope lililokauka. Difu ikipata moto hewa ya ndani hupanuka, na isipopata pa kutokea husukuma mafuta kupita kwenye sili. Kazi ya kukisafisha ni dakika mbili na kopo la petroli. Hakuna aliyewahi kukigusa. Wenzangu wa Pwani mnaopitisha magari kwenye madimbwi ya mvua za masika, kitazameni hicho kabla ya kununua sili.

Shuu zilizolowa mafuta nilizibadilisha, pande zote mbili. Wapo wanaozimwagia petroli na kuziwasha ili zikauke. Zitaonekana kavu, lakini mafuta yamezama ndani ya kitambaa, na siku ya mteremko mrefu joto litayatoa tena. Kisha nikajaza difu mafuta ya 80W-90 mpaka yakafika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, na kwa kuwa nilifungua bomba la breki, tukatoa hewa: mzee akikanyaga, mimi nikifungua na kufunga kule nyuma mpaka mapovu yakaisha.

Mafuta machafu nilimpelekea mnunuzi wa mafuta machafu katika mtungi. Hapa mtaani wengi huyamwaga mtaroni. Mitaro ya upande huu huishia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, Athi huwa Galana, na Galana huwa Sabaki, unaomwaga baharini karibu na Malindi. Tukimwaga huku, ninyi wavuvi wa huko ndio mnaopokea.

Jaribio la kwanza la breki nililifanya ndani ya uwanja, mwendo wa mtu anayetembea, kisha kwenye njia tupu alfajiri. Gari lilisimama limenyooka. Alhamisi nikarudi Baba Dogo na magunia yangu. Baada ya wiki mbili nililala chini tena na tochi: bamba la breki la kushoto lilikuwa kavu, lina vumbi tu. Upande wa kulia umeanza kutoa jasho kidogo. Sili yake nimekwisha inunua, namba ni zile zile, na skrubu mbili nimezihifadhi ndani ya kisanduku cha gari.